Amilesi: ukoo wa vimeng'enya vinavyokata wanga

Pika uji wa mahindi mzito, mzito hasa, hadi mwiko usimame. Uache upoe uwe vuguvugu, kisha utie kiganja cha unga wa kimea: ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa. Koroga. Haichukui muda uji unalegea na kumiminika, na ukiuonja ni mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Hapo ndipo togwa inapoanzia, na kinachofanya kazi ndani ya sufuria ni amilesi.

Amilesi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kwisha. Kazi yake ni kukata wanga, ambao ni minyororo mirefu ya sukari ndogo iitwayo glukosi, iliyoshikana. Mwaka 1833, Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz waliitoa kwenye kimea cha shayiri wakaiita diastasi. Kiishio cha majina ya vimeng'enya kama laktesi na lipesi kimetokana na jina hilo.

Kwenye kimea ziko amilesi za aina mbili. Alfa-amilesi hukata mnyororo popote katikati, ndiyo maana uji hulegea upesi. Beta-amilesi huanzia mwisho wa mnyororo na kumega glukosi mbilimbili. Kila kipande ni sukari iitwayo maltosi, na utamu mwingi unatoka hapo. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka, protini hizi huharibika na uji hubaki mzito. Ndiyo sababu mama huuonja joto kwanza kwa kidole.

Jina moja lisikudanganye ukadhani alfa na beta ni ndugu wa karibu. Wanabiolojia hupanga koo za vimeng'enya kwa mfuatano wa asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, na namna protini inavyojikunja, kazi peke yake haitoshi. Kwa kipimo hicho alfa imewekwa katika familia ya 13 ya vimeng'enya vinavyokata minyororo ya sukari, na beta katika ya 14. Alfa-amilesi ya bakteria, ya shayiri na ya mate yako, kwa upande wake, zina umbo moja la pipa lenye mbavu nane, na penye makali yake pana asidi amino tatu zilezile: aspateti mbili na glutameti moja. Mimi hili hunishangaza kila nikilifikiria. Viumbe walioachana zamani kiasi hicho bado wanatumia kisu kimoja.

Ukoo huu wa alfa-amilesi hukua kwa jeni, yaani maelekezo ya kuunda protini, kunakiliwa. Nakala moja ikiendelea na kazi ya zamani, nyingine huwa huru kubadilika. Amilesi ya wahenga wetu ilikuwa ya kongosho. Nakala zake ndizo zilizokuja kufanya kazi kwenye tezi za mate, na leo zote zimepangana kwenye kromosomu ya 1. Sokwe huwa na nakala mbili za jeni ya mate. Binadamu wengi wana zaidi, na idadi hutofautiana sana mtu na mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi, wakiwemo Wahadza wa Tanzania wanaochimba mizizi porini, na zile ambazo chakula chao cha asili kina wanga kidogo, kama Wadatoga wafugaji, pia wa Tanzania, na Wambuti wa misitu ya Kongo. Wastani wa nakala ulikuwa 6.7 kwa kundi la kwanza na 5.4 kwa la pili. Tofauti hiyo ni ya wastani tu. Haikwambii lolote kuhusu Mdatoga mmojammoja.

Mbwa naye ameipitia njia hiyo. Mbwamwitu kwa kawaida ana nakala mbili, ilhali mbwa aliyezoea makombo ya binadamu anaweza kuwa nazo kati ya 4 na 30. Ila kwake iliyoongezeka ni jeni ya kongosho, kwa hiyo ugali anaoumeza huanza kukatwa ukishafika utumbo mdogo.