Je, wajua kwa nini mauzo ya haibridi yalishuka hata bei ya petroli ilipovunja rekodi?

Julai 2008, galoni moja ya petroli Marekani, yaani karibu lita 3.8, ilipita dola 4.10. Nchi ile ilikuwa haijawahi kuiona bei kama hiyo. Mtu angedhani huo ungekuwa mwaka wa neema kwa magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ambayo betri yake hujichaji gari linapopunguza mwendo. Lakini mwaka ulipofungwa yalikuwa yameuzwa kama 312,000. Mwaka 2007 yaliuzwa kama 350,000.

Ilikuwaje? Inabidi tuukate mwaka ule vipande viwili.

Katika miezi ya kwanza watu waliyataka mno magari hayo. Toyota Prius ilikuwa haikai yadi, na viwanda havikuwa na betri za kutosha kukidhi mahitaji. Mteja aliandikisha jina akasubiri miezi, na Prius iliyokwisha kutumika iliweza kuuzwa karibu na bei ya mpya. Sasa, anayesubiri hahesabiwi kwenye mauzo. Hamu ilikuwepo, gari halikuwepo.

Kisha Septemba ikaanguka benki ya Lehman Brothers. Mikopo ikakauka, na Marekani watu wengi hununua gari kwa mkopo. Ajira zikapotea. Viwanda duniani vilipopunguza kazi, mafuta nayo yakakosa wanunuzi, na mwisho wa Desemba galoni ikakaribia dola 1.60. Mnunuzi akapokonywa pesa ya kununulia gari na, wakati huohuo, sababu ya kulinunua. Nafuu ya kodi aliyokuwa akipata mnunuzi wa Prius, iliyofikia dola 3,150 mwaka 2006, nayo ilikuwa imekwisha tangu Septemba 2007, kwa kuwa sheria ilitaka nafuu hiyo ianze kupunguzwa kampuni ikishauza haibridi 60,000.

Hata hivyo, magari yote kwa jumla yalishuka Marekani kutoka milioni 16 hivi mwaka 2007 hadi kama milioni 13 mwaka 2008. Haibridi zilianguka, lakini zilianguka kidogo kuliko nyingine, na sehemu yao sokoni ikaongezeka. Anayetaja mauzo bila kutaja soko zima anaeleza nusu ya habari.

Japani ndiyo inayonivutia zaidi. Mdororo uliikumba vilevile, tena vibaya. Lakini Aprili 2009 serikali iliondoa kodi kadhaa kwa magari yasiyochafua sana hewa, ikaongeza ruzuku ya yeni 100,000, au 250,000 kwa aliyepeleka kwenye vyuma chakavu gari lake lililofikisha miaka 13. Mwezi uliofuata Toyota ikatoa Prius mpya. Mwaka huohuo Prius ikawa gari lililouzwa zaidi Japani, zaidi ya 200,000, na wala petroli haikuwa imepanda kama mwaka uliotangulia. Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi mkubwa kwamba bei ya mafuta humfanya mtu aitamani haibridi, lakini kinachompeleka kulipa ni pesa anayobakiwa nayo na imani kwamba kazi yake ya mwakani ipo.

Tuichukue hesabu hiyo Nairobi. Januari 2021 lita ya petroli ilikuwa kama Sh 107. Oktoba 2023 ilifika Sh 217.36. Tuseme gari la kawaida linakwenda kilomita 12 kwa lita na haibridi kilomita 20. Anayeendesha kilomita 10,000 kwa mwaka anaokoa lita 333: kwa bei ya zamani ni kama Sh 36,000, kwa bei ya Oktoba 2023 ni kama Sh 72,000. Mwenye teksi anayekimbia kilomita 50,000 anaokoa zaidi ya Sh 360,000 kwa bei hiyohiyo ya 2023. Kwa huyo wa mwisho, haibridi inarudisha gharama yake mapema. Anayetoka nyumbani Jumapili tu atasubiri miaka, na betri ikichoka kabla, akiba yote inaishia kwa fundi.

Ila dola iliyochangia kupandisha bei ya mafuta ndiyo hiyo iliyopandisha bei ya gari. Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa kama Sh 110. Januari 2024 ilipita Sh 160, na mwezi uliofuata Benki Kuu ya Kenya ikafikisha riba yake asilimia 13. Kwa hiyo haibridi ilipofaa kuliko wakati wowote, ndipo ilipokuwa ghali zaidi kuiagiza na ghali zaidi kuikopea.

Na ni haibridi zipi tunazoagiza? Hapo tunarudi Japani. Mwaka 2013 gari lililoongoza kwa mauzo huko lilikuwa Toyota Aqua, haibridi ndogo iliyotoka Desemba 2011. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopita miaka 8, hivyo za 2013 ziliweza kushushwa Mombasa hadi 2020. Aqua iliyo barabarani Nairobi leo ilichaguliwa kwanza na Mjapani, kwa bei ya petroli ya kwao na kodi za kwao, miaka kadhaa kabla mwenyewe wa sasa hajaanza kuiwekea akiba.