Kisu hakisambazi saratani ya figo

"Daktari, uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa, bora tuuache." Maneno haya kliniki hayakosekani, na nimechoka kuyasikia kwa sababu anayeyasema mara nyingi ndiye mwenye nafasi nzuri ya kupona: uvimbe wa sentimita 3 au 4, umeonekana kwa bahati kwenye ultrasaundi ya jambo jingine, na maumivu hana.

Imani hii ina chanzo. Watu wamemwona ndugu aliyepasuliwa akafariki miezi michache baadaye. Wengi wa hao walifika saratani ikiwa imeshahamia kwenye mapafu au mifupa, ila vidonda vilikuwa vidogo mno kuonekana kwenye picha, au picha haikupigwa kabisa. Vilipokua, lawama ikaangukia upasuaji. Ndiyo maana nang'ang'ania CT, yaani picha za eksirei za kompyuta, ya kifua pamoja na ya tumbo kabla ya upasuaji. Msiikwepe kwa kubana gharama.

Wengine husema saratani ikiingiwa na hewa ndipo inasambaa. Hewa nayo haina kosa. Kwenye upasuaji wa matundu, unaofanywa kwa kamera na vifaa vyembamba kupitia matundu madogo, tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi, kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Oksijeni ya saratani inatoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe.

Hatari ya kweli ni uvimbe kupasuka ndani ya tumbo na kumwaga seli. Kwa hiyo mpasuaji haushiki uvimbe, anashika mafuta yanayouzunguka. Figo nzima ikitolewa, ateri, mshipa unaoingiza damu, hufungwa kwanza; vena, mshipa unaoitoa, baadaye. Ukianza na vena, figo inavimba kwa damu na kuvuja. Kisha figo, ikiwa bado ndani ya mafuta yake, inatumbukizwa kwenye mfuko usiopenyeza, mdomo unafungwa, ndipo inatolewa kwa kupanua tundu moja au kuchana sentimita 6 hivi chini ya tumbo. Kuivuta kwa nguvu kwenye mchano mwembamba ni kutafuta mfuko upasuke. Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari wako: uvimbe utatoka ndani ya mfuko?

"Nikipasuliwa nitabaki bila figo." Uvimbe usiozidi sentimita 4, na mara nyingine hadi 7, unaweza kukatwa peke yake pamoja na ukingo mwembamba wa nyama isiyo na saratani. Ateri hubanwa kwa muda, tukilenga isizidi dakika 25 hivi, maana figo yenye joto isiyopata damu huanza kuharibika. Kidonda hushonwa tabaka mbili: la ndani kuzuia damu na mkojo usivuje, la nje kukibana. Mkojo ukigeuka mwekundu ghafla wiki ya kwanza au ya pili baada ya kwenda nyumbani, rudi hospitali siku hiyohiyo. Huenda mshipa uliokatwa umevimba na kupasuka, na mara nyingi unazibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye paja, bila kufungua tumbo tena.

"Roboti ndiyo inayopasua." Roboti haijongei mpaka daktari aliyekaa kwenye mashine aisogeze.

"Matundu madogo, upasuaji mdogo." Nje ni madogo, ndani kazi ni ileile. Usinyanyue ndoo ya maji wala gunia kwa wiki 4 hadi 6, hata ukijisikia mzima. Kushona kwa ndani kunaachia na ngiri inatokea. Maumivu ya bega siku mbili tatu za mwanzo yanatokana na gesi kuchokoza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo; yataisha.

"Matundu yanafaa kwa kila mtu." Uvimbe uliopenya hadi kwenye vena kubwa ya tumbo kwa kawaida unahitaji kufungua tumbo. Na damu ikishindikana kudhibitiwa, tunafungua papo hapo. Huko ni kuokoa maisha, na fomu unayosaini inalitaja.

"Figo moja ni dialisisi tu." Figo moja nzima humtosha mtu. Anayeiharibu mara nyingi ni mwenye presha isiyotibiwa, au anayemeza diklofenaki na ibuprofeni kila mgongo ukiuma. Aliyebaki na moja aziache hizo, apime presha na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, kila anapokuja kliniki.