Mawe ya Mwanza: lililo zima hulia

Mgeni anayefika Mwanza huyaona mawe kabla ya nyumba. Jiwe la Bismarck pale Kamanga, majabali ya Bugando, nyumba za Mabatini zilizojibana katikati ya miamba: yote hayo ni itale, au graniti kama mafundi wanavyoiita. Wengi hudhani yalirushwa na volkano. Hapana. Ni rojo la moto lililopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Lilipoa taratibu, chembe zikapata muda wa kukua, ndiyo maana unaziona kwa macho: kwazi ya kijivu kama kioo, felspa nyeupe au ya waridi, na vipande vyeusi vya ulanga. Na yale yaliyobebana? Maji yalipenya kwenye nyufa za mawe yaliyokuwa bado yamefukiwa, yakala pembe kwanza, kisha mvua ikaondoa udongo.

Anayejenga aiogope felspa. Maji huigeuza polepole kuwa udongo laini. Jiwe lenye ganda la kahawia linalopukutika ukilikwaruza halifai msingi, hata ukipewa bure. Ligonge kwa nyundo: zima hulia kama kengele, bovu husikika kama gogo. (Ile "graniti nyeusi" ya kwenye meza za jikoni, mara nyingi si itale hata kidogo, ni gabro, aina nyingine ya jiwe, jeusi.)

Halafu kuna moto. Wapasuaji huwasha kuni au matairi chakavu juu ya jabali, na linapasuka kweli, kwa kuwa kwazi ikipata joto hutanuka kuliko felspa. Tatizo ni nyufa ndogo usizoziona, zinazobaki ndani ya kila kipande. Nyumba yangu nisingeiwekea msingi wa mawe ya moto. Tindo na kabari huchelewesha kazi, lakini jiwe hutoka likiwa zima.

Kwa akina mama wanaoponda kokoto, hatari ni vumbi. Vumbi la kwazi likiingia mapafuni huacha makovu, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba ya kuuponya. Kanga mdomoni haizuii chembe hizo ndogo. Lowesha mawe kabla ya kuponda, kaa upepo ukikupiga mgongoni, na mtoto asilazwe karibu na lundo.