Kisukari, presha isiyoshuka na homoni iitwayo aldosteroni

Sukari yangu nimeidhibiti. Mbona figo bado zinachoka?

Kwa sababu sukari si mshtakiwa pekee. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, yenye uzito wa gramu chache tu. Hutoa aldosteroni, homoni inayoiamuru figo ibakize chumvi na kutoa potasiamu. Ikizidi, mwili hujaa chumvi na maji, presha hupanda, na homoni yenyewe huchochea makovu ndani ya figo na moyo. Kwa mwenye kisukari aina ya 2, vichujio vya figo vilivyokwisha kuelemewa na sukari hupigwa pande mbili.

Nitajuaje kama imezidi?

Mara nyingi hutajua. Daktari Jerome Conn wa Marekani alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1955, alisisitiza potasiamu iliyoshuka na misuli kulegea. Leo tunajua kuwa wagonjwa wengi potasiamu yao ni ya kawaida. Kukojoa usiku nako kunasingiziwa sukari. Dalili ninayoiamini mimi ni presha kaidi: unameza dawa 3 tofauti, mojawapo ya kukojosha, hujaruka hata siku moja, na mashine bado inasoma 150 kwa 95.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Ni cha damu. Aldosteroni hulinganishwa na renini, kemikali inayotolewa na figo, ambayo kwa kawaida ndiyo huanzisha amri ya kutoa aldosteroni. Aldosteroni ikiwa juu huku renini imezama, tezi inafanya kazi bila kutumwa. Baadhi ya dawa za presha huvuruga majibu, kwa hiyo zitaje zote. Usiziache kwa uamuzi wako.

Nilianza matibabu, kreatinini ikapanda. Dawa inaniua figo?

Swali hili limewafanya wengi watupe dawa. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huichuja; ikipanda kwenye damu, figo zinachuja kidogo. Aldosteroni ikizidi, damu hupita kwenye vichujio kwa msukumo mkubwa, figo huchuja kupita kiasi, na karatasi ya maabara husomeka vizuri kuliko hali halisi. Tiba hupunguza msukumo, na hapo uharibifu uliokuwa umejificha huonekana. Kupanda kidogo mwanzoni kunatarajiwa. Kukiendelea, rudi kwa daktari. Ndiyo maana kreatinini peke yake haitoshi: omba pia kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo. Miligramu 30 za albumini au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, majibu yakijirudia, ni onyo la mapema.

Inatibika?

Ndiyo. Tatizo likiwa kwenye tezi moja, upasuaji wa kuitoa huweza kufaa. Likiwa kwenye zote mbili, hutumika dawa za kuizuia homoni, kama spironolaktoni. Hii huweza kuvimbisha matiti ya wanaume. Mwambie daktari bila aibu, ipo dawa mbadala, eplerenoni. Finerenoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hupewa wenye kisukari aina ya 2 na ugonjwa wa figo hata kama tezi zao ni nzima. Dawa hizi zote hupandisha potasiamu, kwa hiyo damu hupimwa tena ndani ya wiki chache. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya wenye presha? Nyingi yake ni potasiamu. Uliza kabla ya kuitia kwenye chakula.