Karanga za Kongwa na udongo ambao haukuulizwa

Karanga haizai juu kama maharage. Ua likishanyauka, hutoka kikonyo chembamba kinachoinama na kuchoma ardhi kama sindano, kisha ganda hukua humo gizani. Ganda lenyewe hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Juu pakishikana, kikonyo hakipenyi. Na hata kikiwahi kupenya, siku ya kuvuna ukivuta mche unakatikia mkononi, mzigo wote unabaki chini.

Naanza na jambo hili dogo kwa sababu limo ndani ya anguko kubwa kabisa la kilimo lililowahi kutokea Tanganyika.

Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa, ulizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka kwenye ndege. Ukaja mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa kwanza, halafu Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 makatapila yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea.

Wengi husimulia habari za mashine zilizokufa. Mimi ni mtu wa udongo, na naona somo lenyewe liko chini ya minyororo ya yale makatapila. Udongo wa Kongwa ni mwekundu, kichanga kimechanganyika na mfinyanzi. Kichanga kilisaga majembe ya chuma kama tupa. Mfinyanzi nao, mvua zilipokatika, ulikauka ukawa tofali. Mvua zenyewe za Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Kongwa imo, hukawia, na hukatika zao likiwa bado shambani. Wagogo walilijua hilo vizuri; ndiyo maana maisha yao yalisimama juu ya ng'ombe, mtama na uwele.

Kinachoniuma ni kwamba elimu ya kusoma ardhi ilikuwa imeshaanza, tena humu humu nchini. Kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Huko katika miaka ya 1930 alifanya kazi Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyetembea sehemu nyingi za Afrika Mashariki akichimba mashimo. Aligundua kuwa ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni, aina za udongo hufuatana kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima. Juu, maji hupita upesi na chuma iliyomo ardhini huupa udongo wekundu. Kwenye mteremko mvua huchukua chembe laini na chumvi, huacha mchanga. Chini kabisa vyote vilivyoshuka hutuama, na unapata mbuga nyeusi inayonata masika na kupasuka kiangazi. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wataalamu wa udongo duniani kote wanalitumia hadi leo.

Wasukuma hawakumsubiri Milne. Luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule wa chini ya mteremko wenye tabaka gumu, mbuga ni mbuga. Kila jina tayari ni ushauri wa nini kipandwe wapi.

Kuhusu mifugo nitasema kwa kifupi, ingawa inastahili makala yake. Mpwapwa, jirani kabisa na Kongwa, kazi ilikwenda polepole. Watafiti wa pale walichukua ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, wakawachanganya na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, Boran, na kiasi cha Ayrshire, wakitafuta ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Kizazi kwa kizazi walipima na kuchagua, na hivyo akapatikana ng'ombe wa Mpwapwa. Na sehemu ya ardhi ya Kongwa iliyokataa karanga baadaye ikawa ranchi.

Wewe huna makatapila, lakini swali la udongo ni lilelile. Chukua konzi ya udongo, iloweshe kidogo, ikande mpaka ilainike, kisha ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada uitoe kama utepe. Ukimeguka papo hapo, ni kichanga. Ukifika urefu wa kidole bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, na hapo karanga itakutesa wakati wa kuvuna.

Ukitaka kupeleka sampuli maabara, chimba sentimita 20 katika sehemu kama 15, ukitembea shambani kwa kupindapinda. Epuka kichuguu, palipolala ng'ombe na chini ya mti. Changanya zote kwenye ndoo safi, anika kivulini, chota nusu kilo tu. Weka ndani ya mfuko karatasi yenye jina la shamba, tarehe na zao lililotangulia. Andika kwa penseli. Wino ukipata unyevu wa udongo hufutika.