Msimamizi bora wa tasnifu ya uzamivu ni yupi?

Msimamizi wa tasnifu ni mhadhiri anayepewa na chuo kazi ya kumwongoza mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, tangu pendekezo la utafiti hadi siku ya kuitetea tasnifu mbele ya watahini. Ndivyo anavyoelezwa kwa kawaida. Ubora wake uko kwingine: anakuachia swali lako liwe lako, ila hakuachi mpaka ulithibitishe.

Sisi wa Kigoma mfano tunao jirani tu, safari ya boti kutoka mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika msitu wa Gombe Julai 1960 akiwa hana shahada yoyote, na mwaka 1962 akapokelewa Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea uzamivu moja kwa moja. Msimamizi wake alikuwa Robert Hinde, mtaalamu wa tabia za wanyama. Goodall aliandika kwamba Fifi, sokwe mdogo wa kike, alikuwa na wivu. Hinde akamwambia hilo hawezi kulithibitisha. Angeishia hapo, tungemwita mkosoaji tu. Lakini alimwonyesha namna ya kuliandika: kwamba Fifi alitenda kwa jinsi ambayo, kama angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Wazo limebaki la Goodall, na mtahini hapati pa kulishika. Baadaye Hinde alikuja Gombe akawaona sokwe wale kwa macho yake. Kwangu hilo lina uzito sana, maana wasimamizi wengi uwanda wa mwanafunzi wanausoma kwenye karatasi tu.

Jambo la pili ni kusoma rasimu na kuirudisha kwa wakati. Nilipokuwa nakusanya takwimu za dagaa katika mwalo wa Kibirizi, sura yangu ya pili ilikaa kwa msimamizi wa kwanza miezi saba, ikarudi na neno moja: "Boresha." Niboreshe nini? Nilikaribia kuacha masomo.

Nikabadilishiwa msimamizi. Mama huyu aliirudisha baada ya wiki mbili, na pembeni mwa jedwali la uzito ameandika kwa penseli: "Dagaa hawa uliwapima wabichi au wameshaanikwa?"

Nilikuwa nimewachanganya. Kesho yake alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake, nilikuwa mwaloni na mizani, naanza upya.