Hadi diski "ya PlayStation" haipo, msiuziwe stika

Wiki hii nimeletewa tena PS4 na kijana mwenye banda la gemu. Kajibana, kapata hela ya kuongeza nafasi, kaenda dukani, kaambiwa hadi diski ya laptop haikubali kwenye PS4, lazima achukue "ya PlayStation yenyewe". Akachukua, kwa bei ambayo ingemnunulia mbili. Nilipoitoa kwenye fremu nikakuta kitu kile kile ninachokikuta kila mara: hadi diski ya laptop, inchi 2.5, ya SATA (aina ya tundu la kuunganishia hadi diski), mizunguko 5400 kwa dakika. Juu yake stika mpya.

Inaniuma kuona mtu mwenye hela ya mawazo analipia stika. Kwa hiyo naandika hapa, ili kesho mtu akiniuliza nimtumie linki.

Sony hawatengenezi wenyewe hadi diski za PS4. Ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na GB 500 ya laptop, kutoka viwanda vile vile vinavyolisha laptop zote, na maelekezo yake rasmi yanakuonyesha namna ya kuitoa na kuweka nyingine. Hata zile zenye nembo ya PlayStation kwenye boksi, zinazouzwa kihalali kabisa, ndani ni hadi diski za kawaida. PS4 inadai mambo machache tu: inchi 2.5, SATA, unene usiozidi milimita 9.5, ujazo usiopungua GB 160. Hapo kwenye unene ndipo wengi wanapokwama, maana hadi diski nyingi za inchi 2.5 zenye TB 3 kwenda juu zina milimita 15 na haziingii kwenye fremu hata uzibembeleze.

Kwa nini inajaa haraka? Gemu ya PS4 inasakinishwa nzima hata kama CD unayo. Ikishaingia, CD inabaki ya kuthibitisha tu kwamba gemu ni yako. Kwenye zile GB 500 unabakiwa na kama 400 hivi za kutumia, na Red Dead Redemption 2, ile ya CD mbili, peke yake inakula 100 na ushee. Halafu kuna hili linalowachanganya wengi: nafasi iliyobaki ni GB 30, apdeti ni GB 2, na PS4 inasema nafasi haitoshi. Watu wanaleta mashine kwangu wakidhani hadi diski imekufa. Haijafa. PS4 ikiweka apdeti inanakili gemu upya pamoja na hiyo apdeti, ndipo inafuta ya zamani, kwa hiyo inataka nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Ukiwa na hadi diski iliyojaa mpaka pomoni, hata apdeti ndogo haipiti.

Njia rahisi kuliko zote kwa mwenye bajeti ndogo ni hadi diski ya nje. Tangu apdeti ya 4.50 ya Machi 2017, PS4 inakubali uweke gemu kwenye hadi diski ya USB na uzichezee huko huko. Iwe USB 3.0, iwe kati ya GB 250 na TB 8, ichomekwe moja kwa moja bila kupitia habu. Hadi diski iliyotolewa kwenye laptop, ikiwa ndani ya kava ya USB 3.0, inatosha kabisa. Kava za USB 2.0 zinafanana nazo kwa sura na zinauzwa bei chee, ila PS4 inazikataa. Usiamini rangi ya bluu, plastiki inapakwa rangi yoyote. Chungulia mdomo wa waya: pini nne ni USB 2.0, pini tisa ni 3.0. Hata ile hadi diski nene ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inafaa, mradi kava yake iwe na adapta yake ya umeme, kwa sababu umeme wa tundu la USB hauiwezi.

Mambo mawili kabla hujachomeka. PS4 itaiformati upya, kwa hiyo muvi zote zilizomo zinakwenda, na kompyuta haitaisoma tena mpaka uiformati upya. La pili, sevu za gemu (pale ulipofikia kwenye kucheza) hazihamii nje, zinabaki ndani ya mashine. Mteja akikwambia "nimehamisha kila kitu, formati tu", mzuie kwanza.

Sasa hapa ndipo nataka tukae, maana hapa ndipo hela inaokolewa au inazama.

Laptop nyingi za mtumba zinazoingia Kariakoo zinawekewa SSD, ile diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, kabla ya kuuzwa. Hadi diski zinazotolewa zinarundikwa kwenye maboksi, na bei yake ni ya maongezi. Humo kuna GB 500 na TB 1 nzima kabisa, na humo humo kuna maiti. Anayechagua kwa kuangalia stika inayong'aa anaokota maiti, kwa sababu usafi wa stika hauelezi chochote kuhusu kilichomo ndani. Muombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta na afungue CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya hadi diski. Akigoma, ondoka. Muage vizuri tu, "kaka, samahani, nipitie kwa jirani kwanza", ila ondoka.

Programu ikifunguka, kile kiboksi cha juu kilichoandikwa "Good" kisikutoshe. Shuka chini kwenye orodha. Mstari wa 05 ni sehemu za sahani zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Mstari wa C5 ni sehemu ambazo hadi diski yenyewe inazitilia shaka, inasubiri kuziamua. Hiyo C5 ndiyo inayonitisha zaidi. Ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, sichukui, hata nipewe kwa nusu bei. Mstari wa C7 ukipanda, mara nyingi tatizo ni waya au kava, hadi diski yenyewe inaweza kuwa haina neno. Na mstari wa 09 ni saa ilizofanya kazi. Hapa watu wanadanganyika kila siku, kwa kuwa programu hii bila kuibadilisha inaonyesha namba hizo kwa heksadesimali, yaani hesabu za tarakimu 16, zenye herufi A hadi F juu ya zile 0 hadi 9. Ukiona 3A98 usiseme "elfu tatu na kitu", hiyo ni saa 15,000. Ingia kwenye mipangilio uziweke katika desimali, namba zetu za kawaida, ndipo usome.

Je, saa ngapi ni nyingi? Hapa nakiri sina mstari wa kukata. Nimeona zenye saa 20,000 zinadunda bandani bila shida, nimeona zenye saa chache mno zikaanza kugonga tik-tik ndani ya mwezi, kwa sababu zilidondoshwa na anguko haliandikwi kwenye mstari wa 09. Tena zipo programu za kurudisha namba hizi kuwa sifuri. Mimi hufanya hivi: naiformati kwa ukamilifu kwenye Windows, bila kuweka tiki kwenye "Quick Format". Hiyo inaiandika hadi diski nzima mwanzo hadi mwisho, na kwa GB 500 inachukua saa moja na nusu au mbili. Ikimaliza narudi kuangalia 05 na C5. Kama zimebaki sifuri, na sikio halijasikia mlio wa ajabu, naikubali. Hakuna muuzaji atakayekuachia saa mbili kwenye meza yake, kwa hiyo patana naye mapema: uende nayo, ikifeli urudishe. Wapo wanaokubali.

Kwa banda linalowaka asubuhi hadi usiku, bado nasita kuweka ya mtumba ndani ya mashine, zinapokaa sevu na akaunti. Naiweka nje, iwe ya gemu tupu. Ikifa, gemu zinasakinishwa upya na ligi ya mteja iko salama.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawasemi. Hadi diski nyingi za inchi 2.5 za TB 1 na TB 2 za miaka ya karibuni ni za aina ya SMR, yaani mistari yake ya data imelaliana kama vigae vya paa. Kusoma hakuna shida. Kuandika kwa wingi ndiko kunakoelemea, kwa sababu kugusa kigae kimoja kunalazimu kupanga upya vilivyolalia juu yake. Na PS4, kama nilivyosema, kila apdeti inanakili gemu nzima. Ukiona apdeti inatambaa kama haina mwisho, hadi diski inaweza kuwa nzima, ni maumbile yake tu. Iache usiku imalize.

Wengine wanakuja wanataka SSD "ili gemu isikwame". Jamani. SSD inapunguza muda wa kusubiri gemu ifunguke, na katika gemu za dunia kubwa unaiona tofauti. Haiongezi fremu hata moja (picha kwa sekunde) wakati wa kucheza. Tena PS4 haiifaidi SSD kwa ukamilifu, prosesa yake ya mwaka 2013 ndiyo inayofungua mafurushi ya data na ndiyo inayochelewesha. Gemu ikikwama katikati ya mechi, angalia kwanza vumbi kwenye feni na pesti iliyokauka kwenye chipu. Mwenye hela ya SSD ya GB 240 anajipunguzia nafasi aliyotaka kuiongeza. Kwa banda la mpira, chukua ujazo.

Kuhusu flashi za "TB 2" na vile visanduku vya "SSD ya TB 16" vya bei ya chakula cha mchana: ni utapeli, wala sitarefusha. Chipu yake imepangwa iseme uongo kuhusu ujazo. Ile ya TB 2 PS4 inaweza kuiformati vizuri, gemu ya kwanza ikaingia, halafu data ikivuka ujazo halisi inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea, na gemu zinaanza kuambiwa zimeharibika. Kwenye kompyuta kuna H2testw: inaijaza yote na kuisoma tena. Usiitumie kabla haijapita hapo.

Kubadilisha ya ndani ni kazi nyepesi. Nakili sevu kwenye flashi kwanza, haihitaji kulipia PS Plus, ile huduma ya malipo ya Sony. Vuta kifuniko, tafuta skrubu moja kubwa yenye alama za vitufe, vuta fremu, fungua nne ndogo, badilisha. Pakua kwenye tovuti ya PlayStation faili la mfumo la kusakinisha upya, lile kubwa la kama GB 1, siyo dogo la apdeti. Liweke kwenye flashi ndani ya folda PS4, ndani yake UPDATE, kwa herufi kubwa. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, menyu ya dharura (Safe Mode) ifunguke, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 7, ya kusakinisha mfumo upya. Wanaofeli hapa karibu wote wamepakua faili dogo.

Ukitaka kuvunja hadi diski ya nje iliyotengenezwa kiwandani ili uchukue iliyomo uiweke ndani, chunga: My Passport nyingi za WD zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hakuna SATA. Ukishaivunja kava umeiua bure.

Umeme ukikatika wakati hadi diski ya nje inaandika, PS4 ikiwaka itaikagua na kuirekebisha. Iache imalize. Mashine ikianza kuwa nzito baada ya kukatika mara kwa mara, ingia tena kule kwenye menyu ya dharura, chagua namba 5, "Rebuild Database". Haifuti gemu wala sevu. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ndogo ya mtumba yenye betri nzima ni matumizi mazuri ya hela kuliko TB ya pili.

PS5 ni habari nyingine. Hadi diski ya USB inacheza gemu za PS4, lakini za PS5 inazihifadhi tu, ukitaka kucheza unairudisha gemu ndani. Watu wanaidharau kwa hilo, mimi naipendekeza: kunakili GB 80 kutoka hadi diski ya mtumba ni suala la muda kidogo tu, kuzipakua upya ni bando. Ukiamua kuweka SSD ya ndani, soma kibandiko kabla hujalipa: iwe ya M.2 (SSD nyembamba kama kibao), iandikwe NVMe na PCIe 4.0, yaani aina ya muunganisho wa kasi, kasi ya kusoma Sony wanapendekeza MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na iwe na hitsinki (bati la kupoza joto), jumla ya unene isizidi milimita 11.25. Zipo M.2 za SATA za bei nafuu zinazoingia kwenye tundu hilo bila kipingamizi, na skrubu ikafungika vizuri, lakini PS5 haizitambui kabisa.